Kwa mhariri: kabla hujachora treki hata moja, panga vipande kwanza

Ndugu mhariri,

Salaam kwako na kwa wote wanaosoma gazeti hili huku Mbale na kwingineko. Nimesoma ile habari yenu ya vijana wa chuo waliounda mashine ya kuangulia vifaranga, ile inayomtumia mwenye kuku SMS joto likishuka, na nimeipenda, hongera zao kabisa. Lakini habari nzima imeongelea app, imeongelea SMS, imeongelea bei na soko, bodi yenyewe ya ndani haikupata hata sentensi moja, na mimi ambaye kazi yangu ni kufungua hivi vitu vikishakufa nataka niongee juu ya hiyo bodi, maana huko ndo vinakofia.

Niseme wazi mapema. Bodi nyingi za vijana wetu zinazofika mezani kwangu hazina shida kwenye mchoro. Skematiki, yaani mchoro unaoonyesha kipi kinaunganishwa na kipi, iko sawa, code iko sawa, hata spea ni nzima. Shida ni vile vipande vilivyokaa juu ya bodi. Mtu anamaliza skematiki yake, anaihamishia kwenye upande wa bodi, vipande vyote vinaanguka rundo moja, anavitawanya tawanya mpaka vienee ndani ya kile kiboksi, alafu anabonyeza autorauta, ile sehemu ya programu inayochora yenyewe, imchoree treki, ikimwambia imemaliza asilimia 100 anafurahi anatuma China bodi ikatengenezwe. Kwake kazi imeisha. Kwangu mimi haijaanza.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuona ndani ya redio: ile sahani ya kijani unayoiona ndo bodi, nayo ni fiba iliyobandikwa kopa nyembamba sana, kwa kawaida maikromita 35 tu, yaani unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko hiyo. Kopa inaliwa na dawa sehemu zisizotakiwa, zinazobaki ndo treki, na treki ndo zinafanya kazi ya waya. Kwenye programu ya kompyuta kabla hujachora treki unaonyeshwa vimstari vyembamba kutoka mguu mmoja wa kipande kwenda mwingine, vimepishana kama utando wa buibui, na hivyo vimstari vinakuambia karibu kila kitu ukitulia ukavisoma. Ukigeuza kipande nyuzi 90 vimstari vitano vilivyokuwa vinapishana vinanyooka vyenyewe. Ukikisogeza upande wa pili wa prosesa vingine vinapotea kabisa. Hiyo ni kazi ya bure, haijakugharimu treki hata moja, na watu wengi wanairuka!

Sasa tuchukue hiyo hiyo inkubeta, yaani mashine ya kuangulia, kama mfano, maana ndani yake kuna kila aina ya balaa: stima ya volti 240 ya kuwasha hita, relei ambayo ni swichi inayovutwa na koili yake, pawa saplai, moduli ya simu, mikrokontrola yaani prosesa ambayo ndo akili ya mashine, skrini, na sensa ya joto na unyevu.

Unaanza na vitu ambavyo havina uchaguzi. Matundu ya skrubu yanaenda pale boksi linapotaka, skrini inaenda pale dirisha la boksi lilipo, konekta za stima na za hita zinakaa ukingoni na mdomo wake unaangalia nje, siyo ndani ambako bisibisi haifiki. Tundu la skrubu ya M3 ni milimita 3.2 lakini kichwa cha skrubu na ile nguzo ya chini vinataka nafasi kubwa zaidi, kama milimita 7 hivi, na nimeshaona treki ya stima imepita chini ya kichwa cha skrubu ya chuma, ile rangi ya kijani ikakwaruzika siku ya kufunga, boksi zima la bati likawa na stima. Mwenye mashine alipigwa shoti mara mbili akadhani ni unyevu wa mayai.

Baada ya hapo unagawa bodi mitaa. Stima kubwa upande mmoja, pawa saplai inafuata, moduli ya simu karibu na pawa saplai, akili katikati, na sensa mbali na wote. Kila mtaa unaupanga wenyewe kwanza pembeni, nje ya bodi kabisa, vipande vyake vikiwa vimekaa karibu karibu vile vinavyoshikana kwenye skematiki, ukiridhika ndo unaubeba mzima mzima unauweka mahali pake. Ukipanga kipande kimoja kimoja ndani ya bodi tupu utamaliza nafasi kabla hujafika nusu, alafu kapasita za mwisho, vile vipande vinavyohifadhi chaji kidogo, zinakaa popote palipobaki.

Hiyo ya sensa naomba nikae nayo kidogo kwa sababu ndo imeua mayai mengi. Kuna mama mmoja mfugaji kutoka upande wa Sironko aliniletea mashine, akaniambia, "Fundi, hii kitu inaandika 37 na nusu kila siku lakini vifaranga hawatoki, wakitoka wamechelewa na ni wanyonge." Nikamwambia, "Mama, iache hapa mpaka kesho tuione." Sensa ilikuwa ile nyeupe ya DHT22, ambayo kampuni inaahidi haikosei zaidi ya nusu digrii hivi, kwa hiyo sensa yenyewe si mbaya. Lakini ilikuwa imelehemiwa juu ya bodi kabisa, na jirani yake, kama upana wa kidole, ni regulata ya 7805 inayoshusha volti 12 kuwa 5. Piga hesabu: skrini yenye taa, prosesa na koili ya relei vinaweza kula miliampea 200 kwa pamoja, volti 7 zinazotupwa mara 0.2 ni wati 1.4, na hiyo regulata bila bati la kupoza inapanda kama digrii 65 kwa kila wati moja. Yaani inapanda digrii 90 juu ya joto la hewa! Ukiigusa unatoa kidole haraka. Sasa sensa inapima joto la regulata inadhani ni joto la mayai, inazima hita mapema, mayai yanabaki na baridi. Niliweka kipimajoto cha kliniki kwenye trei, hakikufika hata 36, na yai la kuku linataka 37.5 mpaka 37.8 kwa siku 21 bila mzaha.

Kijana aliyeitengeneza tukampigia simu, mtoto mwerevu tu, akasema anajua inasoma juu ndo maana kwenye code alishapunguza digrii 2. Hapo ndo nataka wasomaji wanisikie vizuri. Code haiwezi kuponya hiyo, kwa sababu joto la regulata halikai pamoja: taa ya skrini ikizima linashuka, relei ikivuta linapanda, usiku wa baridi wa huku chini ya Elgon ni hadithi nyingine kabisa, kwa hiyo hizo digrii 2 leo ni 2 kesho ni 4. Dawa ilikuwa kuitoa sensa kwenye bodi, kuiwekea waya na kuipeleka ikae karibu na mayai, kazi ya dakika chache. Na kama lazima ikae juu ya bodi basi inaenda kwenye kona ya mbali, kopa ya graundi, ile njia ya kurudi ya mkondo, haifiki chini yake kwa wingi maana kopa inasafirisha joto vizuri sana, na unakata mfereji kwenye fiba kuizunguka. Kwenye skematiki hakuna mahali popote panapoonyesha joto. Linaonekana siku ya kupanga tu, kama mpangaji anaangalia.

Na wakati uko hapo kwenye joto, zile kapasita za pipa nazo zisogeze. Mafundi tunahesabu kwamba kila digrii 10 zikiongezeka maisha ya kapasita yanakatika nusu, kwa hiyo ukiibananisha na bati la kupozea usishangae imevimba kichwa kabla ya mwaka mpya.

Moduli ya simu nayo ina mambo yake. Ile SIM800L ndogo ambayo kila mtu anaitumia ikitaka kuongea na mnara inavuta mpaka ampea 2, siyo muda wote, ni kwa mapigo mafupi ya chini ya sekunde moja kwa elfu, na inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, ikishuka chini ya hapo inajizima. Sasa mtu ameiweka kona ya mbali kwa sababu pale palikuwa na nafasi, treki ya pawa ina upana wa milimita 0.25 ambao programu imempa yenyewe, urefu sentimita 10. Treki hiyo ina ukinzani kama wa ohmu 0.2. Ampea 2 zikipita hapo unapoteza volti 0.4, na kama njia ya kurudi ya graundi nayo ni nyembamba hivyo hivyo unapoteza nyingine 0.4, umeanza na volti 4 umefika na 3.2, moduli inazima, inawaka, inatafuta mnara, inazima. Mwenye mashine analaumu mtandao! Anabadilisha laini, anapanda juu ya paa na antena, na kumbe shida iko ndani ya boksi. Dawa yake ni kuisogeza moduli ikae jirani na pawa saplai, treki iwe nene ya milimita 2 au zaidi, chini graundi iliyojaa, na kapasita kubwa, wengi tunaweka maikrofaradi 1000, iwe imegusana nayo kabisa siyo upande wa pili wa bodi. Antena iangalie nje ukingoni, pasiwe na kopa chini yake. Hii ya antena inawahusu na wale wa ESP32, ile mikrokontrola yenye WiFi ndani yake: ile sehemu yenye vimstari vya zigizaga ndo antena yenyewe, ukiimwagia graundi chini umeifunga mdomo.

Alafu hizi kapasita ndogo za nanofaradi 100. Kwenye skematiki watu wana tabia ya kuzichora zote kwenye kona moja, zimepangwa mstari, ili mchoro uwe safi. Hakuna ubaya. Ubaya unakuja mtu anapoenda kwenye bodi na kuzipanga vile vile, zote kwenye kona moja kwa mstari, zinapendeza kama askari wa gwaride na hazifanyi kazi yoyote. Kila moja ina mwenyewe! Kila mguu wa pawa wa IC, ile chipu nyeusi yenye miguu mingi, unataka kapasita yake hapo hapo mguuni, pawa ipite kwenye kapasita kwanza ndo iingie kwenye mguu, na upande wa pili iende graundi kwa njia fupi. Kristali ya megaherzi 16, ile inayompigia prosesa mapigo ya saa, na kapasita zake mbili za pikofaradi 22 nazo zinakaa zimebanana na prosesa, treki zake fupi, na kitu kingine kisipite katikati yao. Hapa sina maneno mengi, datashiti zote, yaani karatasi za maelezo ya kipande kutoka kiwandani, zinaliandika, tatizo watu hawazisomi.

Stima kubwa. Hapa naongea kwa ukali kidogo mnisamehe. Maabara ya chuo ni safi, ina kiyoyozi, bodi iko mezani. Banda la kuku lina vumbi, lina unyevu, lina ile harufu kali ya kinyesi inayokula kopa, na mjusi anapenda sana joto la pawa saplai. Sisimizi ndo usiseme. Nimefungua boksi nikakuta mjusi amekauka, kichwa kwenye layini ya stima na mkia kwenye volti 5, na treki zilikuwa zimeachana milimita moja. Kati ya upande wa stima na upande wa volti ndogo wachoraji wanaojali wanaacha milimita 6 mpaka 8, na chini ya relei unakata mfereji kwenye fiba. Ile relei ya bluu ya bei rahisi iangalie vizuri kabla hujaichora: ule mguu wa kati unaopeleka stima umekaa katikati ya miguu miwili ya koili, hivyo stima na volti 5 ziko jirani hata kabla hujafanya chochote, ukiongezea na mpangilio mbovu umemalizana na mteja. Fyuzi ikae mlangoni pa stima, kabla ya kitu kingine chochote, tena mahali ambapo mtu anaifikia bila kung'oa skrini.

Upana wa treki watu wananiuliza sana. Kuna kanuni ya IPC-2221, kiwango cha kuchora bodi, ambayo kikokotoo chake kiko kila mahali: kwa kopa ya kawaida ya maikromita 35 iliyo upande wa nje, ukikubali treki ipande digrii 10, ampea 1 inataka kama milimita 0.3, ampea 3 kama 1.4, na ampea 10 inataka karibu milimita 7. Angalia vizuri, ampea zimepanda mara kumi lakini upana umepanda zaidi ya mara ishirini. Wenzetu wa chaja kontrola za sola wanaochora ampea 20 kwa treki ya milimita 3 wajisomee hapo, baadaye wanamwaga risasi juu ya treki kuinenepesha, inasaidia kidogo, lakini ungeipanga konekta ya betri na mosfeti, zile swichi za elektroniki, zikae sentimita moja kutoka kwa mwenzake usingehitaji hiyo treki ndefu kabisa.

Umepanga, umeridhika, sasa ndo unachora. Na ukipanga vizuri kuchora kunakuwa kwepesi mpaka unashangaa. Anza na zile ambazo zikikosewa zinaua: stima kubwa, pawa, kristali, ule mzunguko wa pawa saplai ya kuswichi kama una ile LM2596, IC ya kushusha volti, ambapo kapasita ya kuingilia, IC yenyewe na dayodi vinatakiwa viwe vimekumbatiana kwa sababu ndani ya huo mzunguko mkondo unakatwa na kuwashwa mara laki moja na nusu kwa sekunde. Treki inayorudisha taarifa ya volti, ile ya fidibaki, ipitishe mbali na koili. Taa za LED, vitufe, buza, hivyo vinaenda mwisho, vikizunguka bodi nzima hakuna atakayekufa.

Kwa bodi ya pande mbili mimi napenda juu ziwe treki na chini yote graundi. Mkondo ukienda lazima urudi, na kwa mawimbi ya kasi unarudi ukipitia chini kabisa ya ile treki ulikoendea, siyo njia ya mkato unayoifikiria wewe. Sasa ukichora treki ndefu upande wa chini umekata graundi kama kisu, mkondo wa kurudi unazunguka, na huo mzunguko unageuka antena, inapokea kelele za relei na za moduli ya simu unaanza kuona herufi za Kichina kwenye skrini. Ukilazimika kuvuka chini vuka kwa daraja fupi, unazama unaibuka. Na kabla hujachora hata hilo daraja, rudi kwenye skematiki ujiulize: hiyo taa lazima iwe mguu namba 12? Mikrokontrola nyingi miguu yake ya kawaida inabadilishana kazi, ukibadilisha 12 na 9 kwenye mchoro na mstari mmoja kwenye code, treki mbili zilizokuwa zinapishana zinaenda sambamba. Hii mbinu ni tamu sana, na sijui kwa nini haifundishwi siku ya kwanza, badala yake mwanafunzi anakatwa maksi kwa sababu treki yake imepinda kona ya nyuzi 90. Kwa bodi ya megaherzi 16 hiyo kona haina habari! Chora nyuzi 45 ipendeze, sawa, ila maksi ziende kwenye ile kapasita iliyokaa kilomita moja kutoka kwa IC yake.

Autorauta siichukii. Lakini yenyewe inaona mistari tu, haijui huu ni wa hita na huu ni wa sensa, mpaka umwambie kwa kuweka sheria za kila kundi la treki, na wanaoibonyeza haraka ndo hao hao hawajaweka sheria. Hata ile programu ya KiCad, ambayo ni ya bure kabisa, imeanza mwaka 1992 kwa mikono ya Jean-Pierre Charras kule Grenoble Ufaransa na baadaye CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, wakaisaidia ikakua, ina kikaguzi kizuri cha kukuambia treki zimekaribiana ama kuna mguu haujaunganishwa. Kikaguzi hicho kitaipitisha bodi ya yule mama wa Sironko bila kosa hata moja. Sensa iko kwenye nafasi halali, regulata iko kwenye nafasi halali, mayai hayamhusu.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, chapisha bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, upime kwa rula uhakikishe printa haijapunguza, alafu chukua spea zako za kweli uzisimamishe juu ya karatasi. Utaona kapasita ya pipa inagonga skrini. Utaona jeki ya USB haitoki nje ya boksi. Utaona relei uliyonunua pale mjini miguu yake siyo ile ya kwenye laibrari ya programu, ile uliyochorea. Tena soma maandishi meupe: jina la kipande likiwa chini ya kipande lenyewe nani atalisoma bodi ikishalehemiwa? Weka alama ya chanya na hasi ionekane, andika volti ngapi kwenye konekta, acha vituo vya kupimia ambavyo ncha ya mita inashika bila kuteleza. Sisi mafundi ndo tunakuja kukutana na hiyo bodi miaka mitatu baadaye, mchoro haupo, aliyechora yuko Dubai, na mteja amesimama hapo anasubiri.

Najua wengine watauliza shida yote ya nini wakati Arduino, ile bodi ya mikrokontrola iliyokwisha tengenezwa, na moduli zipo, unaunganisha na waya za jampa unamaliza. Kwa kujaribu sawa. Lakini weka hiyo kitu kwenye boda kutoka mjini mpaka Bududa kwenye murram, ufike nayo uone ni jampa ngapi bado zimeshika. Bodi inahitajika. Na tuna watu hapa Uganda wanaozifanya kwa kiwango cha juu, Philippa Makobore na wenzake pale UIRI Nakawa, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, walitengeneza kifaa cha kudhibiti dripu ya mgonjwa kikashika nafasi ya pili kwenye Innovation Prize for Africa mwaka 2017, na huwezi kumwekea mgonjwa kifaa kinachozima na kuwaka kwa sababu treki ni nyembamba.

Ombi langu kwa walimu wa vyuo na kwa majaji wa haya mashindano ya ubunifu: mwanafunzi akileta mashine mwambieni aifungue. Muulizeni kwa nini sensa iko hapo, kwa nini moduli ya simu iko pale, stima inapita wapi, mkondo unarudi kwa njia gani. Mpeni maksi za mpangilio peke yake, kabla hajachora treki, akiwa na vile vimstari tu kwenye skrini, akosee hapo mkimwona, kwa sababu hapo kurekebisha ni kuburuta mausi. Akishatuma China, bodi zenyewe ni rahisi lakini usafiri unazidi bei ya bodi, na zikija na kosa ni wiki kadhaa nyingine za kungoja, muhula umeisha, anazikatakata kwa wembe na kuunganisha na waya, na hivyo hivyo anamuuzia mfugaji.

Mimi nipo Mbale mjini, Jumamosi mchana huwa sina kazi nyingi, na kijana yeyote mwenye bodi ambayo hajaituma anakaribishwa tuiangalie pamoja, hakuna malipo. Aje na ile karatasi ya ukubwa halisi, aje na spea zake kwenye bahasha, na skematiki iliyochapishwa, asitegemee laptop peke yake maana stima ya huku inaweza kuondoka saa hiyo hiyo.

Wako,
Fundi wa elektroniki,
Mbale